Kuanzisha kliniki ya wanafunzi wa uuguzi mtaani Mombasa, na kuifanya idumu

Mzee mmoja msukuma mkokoteni wa maji alikuja kwetu asubuhi moja na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na kadi tatu, kila moja na rangi yake, kutoka kambi tatu za matibabu ya bure zilizopita mtaani kwake. Ya kwanza ilisema presha 176/104. Ya pili 182/110. Ya tatu 188/108. Kila kadi ilikuwa na muhuri, sahihi na dawa za wiki mbili, na hakuna hata moja iliyoandikwa siku ya kurudi. Nikamuuliza mbona hakuendelea na dawa.

"Sista, zilipokwisha niliwatafuta. Pale palipokuwa na hema, nikakuta watoto wanacheza mpira."

Ninaandika mwongozo huu kwa wahadhiri wa uuguzi, wakuu wa idara na wanafunzi wanaotaka kufungua kliniki kwenye mitaa ya Mombasa isiyofikiwa vizuri na huduma. Kambi ya siku moja ina kazi yake: kuwapima watu macho, kukimbiza kampeni ya chanjo. Lakini mgonjwa wa presha, wa sukari, mama mjamzito na mtoto aliyepungua uzito wanahitaji mahali watakapopakuta palepale wiki ijayo na mwezi ujao, na muuguzi anayewajua kwa majina. Karibu kila ninachokueleza hapa kinatoka kwenye jambo hilo.

Kliniki ninayoizungumzia inaendeshwa na idara ya uuguzi ya chuo. Wauguzi wenye leseni ndio wanaotibu, wanafunzi wanajifunza chini yao, na huduma ni zile za msingi. Wazo si geni. Mwaka 1893 muuguzi Lillian Wald alianza kuwahudumia wahamiaji maskini wa New York nyumbani kwao, na kutoka kazi hiyo ikazaliwa nyumba ya wauguzi ya Henry Street. Baadaye vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vikafungua kliniki zinazoongozwa na wauguzi wao. Kwetu Kenya mlango umefunguka zaidi tangu Oktoba 2023, ilipotiwa saini Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, inayovitaka vituo vya ngazi za chini vifanye kazi kama mtandao mmoja na kuwatambua wahamasishaji wa afya ya jamii.

Hatua ya kwanza: chagua mtaa mmoja, na uujue kabla hujaleta hata kipima joto

Kaunti ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Usijaribu kuzigawia zote. Chagua mtaa mmoja, kwa mfano Moroto kule Tudor, Bangladesh kule Jomvu, Ziwa la Ng'ombe au Shika Adabu, uupe angalau miezi miwili ya kutembea tu.

Anza kwa chifu na mzee wa mtaa, kisha imamu na mchungaji, kisha akina mama wa vyama vya kuweka akiba. Wahamasishaji wa afya ya jamii usiwaache mwisho. Kila mmoja anahudumia kama kaya 100, ana mfuko wake wa vifaa, na anajua ni nyumba gani ina mtoto ambaye hajachanjwa na ni nani aliyeacha dawa za kifua kikuu. Kitengo kizima cha afya ya jamii hukadiriwa kuhudumia watu 5,000, na huo ni ukubwa unaotosha kabisa kwa kliniki moja ya chuo.

Uliza maswali ambayo hayamo kwenye fomu. Maji mnanunua wapi, na mtungi ni bei gani wakati mfereji umekauka? Wanaume wanatoka kwenda bandarini saa ngapi? Akina mama wa soko la Kongowea wanarudi lini? Majibu ndiyo yatakayopanga saa zako. Kliniki inayofungua saa tatu asubuhi na kufunga saa nane haitamwona mlinzi wa usiku, mwendesha tuktuk wala mfanyakazi wa kiwandani. Sisi tulipoongeza jioni mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja, wanaume walianza kuonekana. Ijumaa usipange chochote kati ya saa sita na saa nane mchana.

Uliza pia kuhusu kazi na mazingira, na hapa nataka utulie kidogo. Owino Uhuru, mtaa wa Jomvu, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake aligunduliwa kuwa na sumu ya risasi mwilini, alipambana pamoja na wakazi hadi akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwanafunzi wa uuguzi anayemwona mtoto wa mtaa kama huo na kuandika "tumbo" bila kuuliza jirani kuna nini, hajamaliza kumwona mtoto huyo. Weka swali hilo kwenye karatasi ya kwanza ya kila mgonjwa: unaishi karibu na nini, na kazi yako inakugusisha nini?

Hatua ya pili: vibali, na kwa nini uanzie ndani ya dispensari iliyopo

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na jengo lenu, mkasajili kituo kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo ndilo linalotoa leseni za vituo, na wauguzi wote wawe na leseni hai za Baraza la Wauguzi. Ya pili ni kuandikiana mkataba wa ushirikiano na idara ya afya ya kaunti, mkapewa vyumba viwili vitatu ndani ya dispensari ya serikali.

Ushauri wangu ni wa pili, bila kusita, angalau kwa miaka ya mwanzo. Dispensari tayari inapokea chanjo, tayari inatuma ripoti za kila mwezi, na huduma zake za msingi zinalipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyejisajili na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Ukianza na jengo lako utatumia mwaka mzima kutafuta vitu ambavyo jirani yako anavyo.

Mkataba uandike mambo haya waziwazi: nani anawajibika mwanafunzi akikosea, bima ya makosa ya kazi inalipwa na nani, dawa zinaagizwa na nani, na funguo zinakaa wapi. Najua funguo zinaonekana jambo dogo. Niliwahi kushuhudia kliniki moja ikisimama siku tisa kwa sababu funguo za kabati la dawa zilisafiri na mtu aliyekwenda likizo.

Hatua ya tatu: amua nani anabaki

Wanafunzi wanakuja na kuondoka. Muhula unaisha, mitihani inaanza, Desemba chuo kinafungwa, na mgomo ukiingia kila kitu kinasimama. Presha ya mzee haina muhula.

Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mwanafunzi wa kwanza, ajiri muuguzi mmoja wa kudumu, ambaye kazi yake ni kliniki hiyo peke yake. Asiwe mhadhiri anayepita Jumanne na Alhamisi. Huyo ndiye uso ambao mtaa utaujua. Kama bajeti inatosha mshahara mmoja tu, ajiri huyo, uahirishe kununua kompyuta.

Kisha panga makundi ya wanafunzi yapishane. Kundi linaloondoka na linaloingia wakae pamoja wiki mbili kamili, na kila mwanafunzi anayeondoka amtambulishe mrithi wake kwa wagonjwa wake ana kwa ana: "Mama, huyu ndugu yangu ndiye atakayekuwa nawe. Nimemweleza kila kitu kuhusu mguu wako." Dakika mbili hizo zinaokoa wagonjwa wengi wasipotee. Msimamizi mmoja asiwe na zaidi ya wanafunzi watano au sita kwa wakati mmoja. Wakizidi, anasaini vitu ambavyo hakuviona.

Hatua ya nne: chumba

Vifaa vya lazima si vingi: mashine za presha zenye mikanda ya saizi tatu, viti vyenye mgongo, kipima sukari, mizani ya watu wazima na ya watoto, utepe wa kupima mkono wa mtoto, vipimo vya haraka vya malaria, sanduku la sindano zilizotumika, na mapipa matatu: jeusi la taka za kawaida, la manjano la taka zenye maambukizi, jekundu la zile za hatari zaidi. Sanduku la sindano lifungwe likijaa robo tatu. Usisubiri lifurike.

Maji ni mtihani wa Mombasa. Weka tangi lako, ndoo yenye bomba na sabuni kila chumba, na usitegemee mfereji hata siku moja.

Joto nalo. Vijiti vya kupimia sukari vingi vinataka kukaa chini ya nyuzi 30, na chumba cha mabati mwezi wa Machi kinapita hapo kabla ya saa sita. Vijiti vilivyopikwa na joto vinatoa namba za uongo, nawe utabadilisha dawa ya mtu kwa namba hizo. Soma maandishi ya kila mkebe, upime joto la kabati na uliandike. Chanjo zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kama huna friji ya kutegemewa, zichukue dispensari asubuhi kwenye kibebeo chenye barafu na uzirudishe jioni.

Na pazia. Mwanamke hatavua buibui mbele ya mlango ulio wazi. Leso mbili zilizoshonwa pamoja na kamba ya mlangoni zinatosha. Hakikisha kila zamu ina muuguzi wa kike.

Hatua ya tano: siku ya kliniki

Nitakaa kwenye presha, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka.

Bibi wa miaka 60 anaingia. Amepanda matatu mbili, amebishana na makanga, amekunywa kahawa chungu kwa jirani. Mwanafunzi anamketisha kwenye benchi lisilo na mgongo, anafunga mkanda juu ya mkono wa buibui, na anamuuliza habari za watoto huku mashine ikijaza. Inatoka 168/98. Anaandikiwa dawa ya pili.

Tukamrudisha nyuma ya pazia. Akaketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kupishana, mkono mtupu umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda unaomtosha. Dakika tano za kunyamaza. Tukapima, tukangoja dakika moja, tukapima tena: 146/88, kisha 142/86. Namba ya juu bado imepita 140, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa, na dawa ya pili haikuhitajika siku ile. Kabla ya kupima uliza kahawa, sigara, miraa na muguka katika nusu saa iliyopita, na uulize bila kumhukumu mtu, la sivyo utadanganywa.

Sukari hapa kwetu haizungumziki bila Ramadhani. Wiki sita hivi kabla ya mwezi, ita kila mgonjwa wa sukari anayekusudia kufunga. Anayetumia insulini au glibenklamidi yumo katika hatari ya sukari kushuka mchana. Dozi yake ipangwe upya na daktari au afisa wa kliniki kabla mwezi haujaandama. Wa metformini peke yake mara nyingi anapangiwa dawa wakati wa futari na wa daku. Kila mmoja aelewe kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/l au ikipanda juu ya 16.6, afungue. Wengi wanaogopa kudunga kidole wakidhani kunabatilisha funga. Usiwajibu wewe. Mwombe imamu uliyemzoea tangu hatua ya kwanza aje awaeleze msimamo wa wanazuoni kuhusu kipimo hicho na kuhusu ruhusa ya mgonjwa kutofunga. Neno lake litafika ambapo langu halifiki.

Kwa mtoto mwenye homa, pima malaria kabla ya kutibu. Kipimo kikikataa, usimpe dawa ya malaria kwa ajili ya kumridhisha mama. Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengue zaidi ya mara moja, kwa hiyo homa isiyoeleweka yenye maumivu ya viungo tuliza kwa parasetamoli na maji mengi, na uepuke brufen na aspirini, zinazoweza kuzidisha kutokwa na damu. Mtoto wa kuendesha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki kwa siku zisizopungua 10: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita. Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hakai kwenye foleni. Utepe wa mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, apelekwe siku ileile.

Mama mjamzito aje na kijitabu chake, na lengo ni kuonana na mhudumu mara nane kabla ya kujifungua. Presha ya 160/110 katika mimba ni dharura, hata kama anacheka.

Lugha nayo ni sehemu ya kupima. "Shinikizo la damu" liache darasani, sema presha. Bibi akikwambia ana chango, usimsahihishe. Muulize linauma wapi, lini, na kama hedhi inahusika. Mama akisema mtoto alishikwa na degedege na akapelekwa kwa mganga kwanza, mshukuru kwa kukwambia. Ukimkemea, safari ijayo atakuficha. Kule Likoni utahitaji mwanafunzi anayejua Kidigo, na Kisauni anayejua Kigiriama. Wapo darasani kwako, watafute.

Hatua ya sita: rufaa inayofika

Kumwandikia mtu barua na kumwambia "nenda hospitali" si rufaa. Piga simu kwanza. Hospitali za kaunti ndogo kama Port Reitz, Tudor na Likoni ndizo mara nyingi za karibu, na rufaa ngumu zinakwenda Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Weka ukutani namba za zamu, siyo za wakurugenzi. Kama kliniki yako iko Likoni na mgonjwa anahitaji kuvuka, panga mapema: feri inachukua muda gani saa hiyo, gari ni la nani, na nani anakwenda naye. Presha ya 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa inakwenda na muuguzi ndani ya gari.

Siku ya tatu mwanafunzi apige simu kuuliza mgonjwa alipokelewa au hapana. Jibu liandikwe kwenye kadi.

Hatua ya saba: sanduku la kadi

Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Ni sanduku la mbao lenye vigawanyo 52, kimoja kwa kila wiki ya mwaka. Kila mgonjwa wa kudumu ana kadi moja. Akitoka, kadi yake inawekwa kwenye wiki anayotakiwa kurudi. Ijumaa jioni, kadi zilizobaki kwenye kigawanyo cha wiki hiyo ni watu ambao hawakuja. Huhitaji umeme kuwaona.

Jumatatu wanapigiwa simu. Asiyepokea, jina lake linakwenda kwa mhamasishaji wa nyumba zake, naye na mwanafunzi wanamtembelea kabla ya wiki kuisha. Huko ndiko utakakojua kwamba dawa zimegawanywa na mke mwenye presha pia, au kwamba amehamia kwa binti yake Mtwapa.

Rejista za wizara zijazwe kama kawaida pamoja na za dispensari. Kila miezi mitatu hesabu vitu viwili tu kutoka kwenye sanduku: wagonjwa wangapi wa presha walirudi siku yao, na wangapi wako chini ya 140/90. Bandika namba hizo ukutani, nzuri au mbaya, wenyeji wazione.

Picha za wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp marufuku, hata bila sura. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa wewe na chuo chako, na mtaa mdogo unamtambua mtu kwa kidonda chake.

Hatua ya nane: pesa na dawa

Mweke mwanafunzi mmoja mlangoni kwa kazi ya kusajili watu SHA kupitia *147#, awaeleze kwa utaratibu kwamba huduma za msingi kwenye dispensari hazihitaji mchango wa kila mwezi, bali za hospitali ya juu zinahitaji. Wengi wamechanganyikiwa hapo na wanakaa nyumbani wakiumwa.

Dawa zitakatika, kwa hiyo jiandae. Tafuta mfuko mdogo wa akiba kutoka chuoni, wahitimu wenu au wafanyabiashara wa mtaa, ununue dawa chache zisizokosekana: amlodipini, hidroklorothiazidi, metformini, zinki. Akiba ya miezi miwili kwa wagonjwa walioko kwenye sanduku, si zaidi, zisije zikapitwa na tarehe. Usiahidi kitu ambacho hakiko kabatini.

Wiki ya mwisho ya muhula

Kabla wanafunzi hawajafunga mabegi, pitia kadi zote za wiki nane zijazo. Atakayetakiwa kurudi wakati chuo kimefungwa apewe dawa za kumvusha, na ajue ni muuguzi gani atakayemkuta. Mpigie mhamasishaji wa kila eneo umsomee majina yake. Mkague tangi, kabati la dawa na sanduku la sindano. Halafu funguo zote mbili, ya mlango na ya kabati, mkabidhi muuguzi anayebaki, na aziandike kwenye daftari kwa mkono wake.

Mzee wa mkokoteni kadi yake sasa iko kigawanyo cha wiki ya pili ya Januari. Mara ya mwisho ilikuwa 138/84, na alikuja na mkewe apimwe naye.